Ujerumani, Uingereza, Marekani au Kanada: pa kusomea shahada nje ya nchi, na namna ya kuamua

Wengi wanaotafuta chuo kikuu nje ya nchi huanza na jina la chuo. Wanafungua orodha ya vyuo bora duniani, wanashuka nayo mpaka wakutane na jina wanalolijua, kisha ndipo wanauliza nchi hiyo inadai nini. Naomba uigeuze safari hiyo. Anza na nchi, kwa sababu nchi ndiyo inayoamua utaonyesha pesa kiasi gani kabla ya kupewa viza, utafundishwa kwa lugha gani, utaruhusiwa kufanya kazi saa ngapi kwa wiki, na ukishahitimu utapewa muda gani wa kutafuta ajira kabla ya kutakiwa kufunga virago.

Swali ninalomuuliza kila anayeniomba ushauri ni hili: je, utaweza kumaliza? Kuingia kunahitaji ada ya mwaka mmoja na viza. Kumaliza kunahitaji miaka mitatu au minne ya pesa, lugha, afya na uvumilivu. Anayekatisha masomo mwaka wa pili kwa kukosa ada hurudi bila shahada, na mara nyingi hurudi na deni lililowaelemea watu wengi nyuma yake. Kwa hiyo ulinganisho huu nimeupima kwa mwaka wa mwisho.

Nimechagua nchi nne ambazo watu hukwama kati yake mara nyingi. Zipo nyingine nzuri, kama Uholanzi, Uchina, Uturuki, Japani na Australia, nawe unaweza kuzipima kwa vigezo hivihivi.

Vigezo

Cha kwanza ni pesa yote ya kozi nzima: ada, chakula, kodi ya nyumba, bima ya afya, na ile pesa ya kuonyesha ubalozini. Cha pili ni udahili: wanakupima kwa nini, na cheti chako cha sekondari kinakubalika moja kwa moja au la. Cha tatu ni lugha na mtindo wa kufundisha. Cha nne ni kazi wakati wa masomo, pamoja na nafasi ya mume, mke au watoto kama unao. Cha tano ni mlango unaofunguka baada ya shahada, huko ulikosoma na kokote utakakopeleka cheti.

Usivipe vyote uzito sawa. Mwenye ufadhili kamili hana haja ya kukesha na kigezo cha kwanza, na anayejua atarudi nyumbani mara tu akihitimu asichague nchi kwa sababu ya sheria za ukaazi.

Pesa

Ujerumani ndiyo inayowashangaza watu. Vyuo vikuu vya umma katika majimbo mengi havimtozi ada ya masomo hata mgeni. Kila muhula unalipa mchango wa wanafunzi, ambao ni kiasi kidogo ukilinganisha na ada za nchi nyingine, na mara nyingi ndani yake mna tiketi ya usafiri wa umma. Ila usiseme tu kwamba Ujerumani ni bure ukaishia hapo. Jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Technische Universität München nayo ilianza kutoza mwaka 2024, kati ya euro 2,000 na 6,000 kwa muhula kulingana na ngazi na kozi. Vyuo binafsi vinatoza kama vyuo binafsi popote.

Kinachowakwamisha wengi Ujerumani ni Sperrkonto, yaani akaunti iliyofungwa. Tangu Septemba 2024 unatakiwa kuweka humo euro 11,904 kabla ya viza, na ukifika unaruhusiwa kutoa euro 992 tu kila mwezi. Pesa ni yako, utaila mwenyewe, lakini lazima iwepo yote kwa mkupuo. Na hapa sikiliza vizuri: ukienda kuongeza muda wa kibali chako cha kuishi, utaulizwa tena utajikimu kwa nini. Familia nyingi hujikusanya kwa mwaka wa kwanza na kudhani kazi itabeba iliyobaki. Wakati mwingine inabeba, lakini wapo ambao kazi zao ziliishia kula muda wa mitihani.

Uingereza ada ni kubwa, na kwa mwanafunzi wa kigeni hakuna kikomo cha kisheria. Kila chuo hujipangia. Nafuu yake iko kwenye muda. Shahada ya kwanza katika England, sehemu moja ya Uingereza, kwa kawaida ni miaka mitatu, na uzamili ni mwaka mmoja. Mwaka mmoja wa kodi na chakula unaouokoa ni pesa halisi, nayo ihesabu. Kabla hujalipa amana, uliza kwa maandishi kama ada yako itabaki ileile mpaka mwisho au itapanda kila mwaka, maana vyuo vinatofautiana sana katika hilo. Ongeza tozo ya huduma za afya, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, ambayo unalipia muda wote wa viza kwa mara moja wakati wa kuomba. Kwa pesa ya kujikimu, tangu Novemba 2025 unatakiwa kuonyesha pauni 1,529 kwa mwezi ukisomea London na 1,171 ukisomea nje ya London, mpaka miezi tisa. Nje ya London hiyo ni pauni 10,539, mbali na ada iliyobaki ya mwaka wa kwanza. Pesa hiyo lazima ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Maombi mazuri kabisa yamekataliwa kwa sababu mtu alichomoa kidogo siku ya ishirini.

Marekani ina ada za juu kuliko zote na pia ina ufadhili mkubwa kuliko wote, na mambo hayo mawili yanakaa katika vyuo vilevile. Baadhi ya vyuo binafsi vya gharama vimevuka dola 90,000 kwa mwaka, ada na maisha pamoja. Papo hapo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst humpokea mwombaji wa kigeni bila kuangalia kama ana uwezo wa kulipa, kisha hufidia pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia yake. Tatizo ni kwamba nafasi ni chache mno na ushindani ni wa dunia nzima. Ukitoka kwenye kundi hilo dogo, vyuo vingi huangalia mfuko wako kabla ya kukupokea, na vile vya umma humtoza mgeni ada ya mtu wa nje ya jimbo. Njia ambayo watu huipuuza ni kuanza miaka miwili katika chuo cha jamii, ambako ada ni ndogo sana, kisha kuhamia chuo kikuu kwa miaka miwili ya mwisho. Shahada unayotoka nayo ni ya chuo kikuu ulichomalizia. Kwa njia hii, hakikisha kabla hujaanza kwamba masomo utakayosoma yatahesabiwa huko unakohamia.

Kanada iko katikati. Ada ya mgeni ni mara kadhaa ya ada ya raia, na ufadhili wa shahada ya kwanza ni haba. Upo wa Lester B. Pearson katika University of Toronto unaolipia ada, vitabu na malazi kwa miaka minne, lakini ni lazima shule yako ikuteue. Pesa ya kujikimu ya kuonyesha ilipandishwa tarehe 1 Septemba 2025 hadi dola za Kanada 22,895 kwa mtu mmoja, mbali na ada ya mwaka wa kwanza na nauli. Mkoa wa Quebec una hesabu yake.

Kuhusu ufadhili wa serikali, DAAD ya Ujerumani na Chevening ya Uingereza zinafahamika zaidi, lakini nguvu yao iko ngazi ya uzamili na kuendelea. Chevening hulipia uzamili wa mwaka mmoja na hukutaka urudi nchini kwako kwa miaka miwili baadaye. Kama ndoto yako ni kubaki, hilo lijue kabla ya kuandika insha. Na kama unawaza shahada ya uzamivu, iweke Marekani katika orodha yako hata kama uliishaifuta kwa sababu ya ada. Huko programu nyingi za uzamivu, hasa za sayansi, hufuta ada na kukulipa posho ya mwezi kwa kufundisha au kusaidia utafiti, na unaweza kuingia moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza.

Udahili

Ujerumani hupima vyeti. Kuna hifadhidata ya serikali iitwayo anabin inayoeleza kila cheti cha kila nchi kina thamani gani kwao. Cheti chako kikihesabiwa pungufu, utasoma kwanza Studienkolleg, maandalizi ya kama mwaka mmoja yanayoishia na mtihani, ndipo uingie chuo kikuu. Usikasirike. Wengi waliopita huko husema ule mwaka ndio uliowapa lugha na misingi ya hisabati iliyowavusha baadaye. Vyuo vingi hupokea maombi ya wageni kupitia uni-assist, kwa euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata katika muhula huo. Kwa kozi nyingi za shahada ya kwanza zinazoanza Oktoba, mwisho ni 15 Julai.

Uingereza unaomba kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo, machaguo matano, na karibu kila kitu kinahusu somo moja ulilolichagua. Hawakuulizi kama unacheza mpira. Wanataka kujua kwa nini fizikia, umesoma nini nje ya darasa, na alama zako zitafika wapi. Kwa Oxford, Cambridge na kozi za udaktari wa tiba mwisho ni katikati ya Oktoba, na huwezi kuomba shahada ya kwanza Oxford na Cambridge mwaka mmoja. Vyuo vingine vingi mwisho wake ni Januari. Utapewa nafasi yenye masharti ya alama, na ukizifikia, nafasi ni yako. Asiye na vyeti vinavyokubalika hupitia mwaka wa msingi, ambao nao unalipiwa.

Marekani wanamsoma mtu mzima: alama, insha, barua za walimu, shughuli zako, mazingira uliyokulia. Mtihani wa SAT au ACT, unaowapima wanaoomba chuo, vyuo vingine hawaudai, vingine wameurudisha. MIT iliurudisha mwaka 2022. Maombi ya mapema huwa Novemba, ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Kwa mwanafunzi mwenye alama nzuri lakini si za kutisha, na mwenye jambo la kweli la kusimulia, huu ni mfumo unaoweza kumwona pale wengine wanapoona namba tu. Vilevile ni mfumo usiotabirika. Mtu anaweza kukataliwa na vyuo vinane akapokelewa na cha tisa kilicho kigumu kuliko vyote, na hakuna atakayemweleza sababu.

Kanada hupima zaidi kwa alama, na taratibu hutofautiana kwa mkoa na chuo. Jambo la kuangalia ni kibali cha masomo. Tangu Januari 2024 serikali imeweka ukomo wa idadi ya vibali, na mwombaji wa shahada ya kwanza anahitaji barua ya uthibitisho ya mkoa pamoja na barua ya udahili. Kuanzia 1 Januari 2026 wanaokwenda vyuo vya umma kwa uzamili na uzamivu wameondolewa sharti hilo.

Lugha na namna ya kufundishwa

Hapa ndipo Ujerumani inapodai malipo yake. Shahada nyingi za kwanza katika vyuo vya umma hufundishwa kwa Kijerumani, na utahitaji mtihani kama TestDaF au DSH. Ukianza kutoka sifuri, jipe mwaka mmoja au zaidi wa kujifunza kwa bidii. Uzamili kwa Kiingereza upo kwa wingi, lakini hata huko, anayeishi bila Kijerumani huishi pembezoni: mwenye nyumba, daktari, ofisi ya wageni na mwajiri wa kwanza wote wanazungumza Kijerumani.

Mtindo wao ni uhuru mkubwa. Mara nyingi hakuna anayekufuatilia, na mtihani wa mwisho wa muhula ndio hubeba karibu alama zote. Kwa kawaida mtihani unaweza kurudiwa mara chache tu, mara nyingi majaribio matatu kwa jumla. Ukishindwa la mwisho katika somo la lazima unaweza kuzuiwa kuendelea na kozi hiyohiyo kwenye chuo kingine chochote nchini. Nalitaja kwa uzito kwa sababu nimewaona watu wenye akili nzuri wakiliona sharti hilo kwa mara ya kwanza wakiwa tayari kwenye jaribio la tatu. Kama unapenda vitendo kuliko nadharia, tazama Hochschule, vyuo vya sayansi tumizi: madarasa madogo, mafunzo kazini ndani ya ratiba, na shahada inayoheshimiwa na waajiri.

Uingereza unazama katika somo moja tangu wiki ya kwanza. Ukigundua mwaka wa pili kwamba ulikosea kuchagua, kubadilisha ni vigumu na ni ghali, maana mara nyingi unaanza upya. Scotland ina miaka minne na nafasi zaidi ya kuonja masomo mengine kwanza. Marekani ni kinyume cha England: unaweza kuingia bila kujua utasomea nini, ukachukua biolojia, historia na takwimu, ukaamua mwishoni mwa mwaka wa pili. Alama hutoka kwenye kazi za kila wiki, majaribio na ushiriki darasani, kwa hiyo mtu anayehofia mtihani mmoja mkubwa hupumua. Kanada inafanana na Marekani, ikiwa na nyongeza moja nzuri: programu zinazopishanisha mihula ya darasani na mihula ya kazi yenye mshahara. University of Waterloo imejijengea jina kwa mtindo huo. Quebec ina vyuo vya Kifaransa na vya Kiingereza, kama McGill, lakini maisha ya huko yatakutaka ujue Kifaransa.

Anayetaka udaktari au sheria asimame hapa kwanza. Marekani na sehemu kubwa ya Kanada, fani hizo husomwa baada ya shahada nyingine au miaka kadhaa ya chuo kikuu, na nafasi za udaktari kwa wageni ni finyu sana. Uingereza na Ujerumani unaingia ukitoka sekondari, na Ujerumani udaktari huchukua miaka sita. Na popote utakaposoma fani yenye leseni, ziulize bodi za taaluma za nchi unayokusudia kufanyia kazi, kabla ya kulipa chochote, kama zinaitambua shahada hiyo.

Kazi na familia

Uingereza ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula kwa wanaosoma shahada. Kanada ni saa 24 nje ya chuo tangu Novemba 2024. Ujerumani wanahesabu siku: 140 kamili au 280 nusu kwa mwaka. Marekani ndiyo yenye kubana: saa 20, na ndani ya chuo tu. Nje ya chuo unahitaji idhini maalumu, na mwaka wa kwanza karibu haiwezekani. Popote utakapokwenda, pesa ya kibarua iwe ya chakula na nauli. Ukiiandika kwenye mstari wa ada, hesabu yako ina ufa.

Kwa wenye ndoa, sheria zimebadilika sana miaka ya karibuni. Uingereza, tangu Januari 2024, mwanafunzi wa uzamili wa darasani hawezi kuja na mume, mke au watoto, isipokuwa wenye ufadhili wa serikali. Wanaosoma uzamivu wanaruhusiwa. Kanada, tangu Januari 2025, kibali cha kazi cha mwenzi kimebaki kwa wanaosoma uzamivu, uzamili wa miezi 16 au zaidi, na fani chache za kitaaluma. Marekani mwenzi anaweza kuja lakini haruhusiwi kufanya kazi. Ujerumani mwenzi akipata kibali cha kuungana na familia anaruhusiwa kufanya kazi, ila lazima uonyeshe nyumba ya kutosha na kipato cha kuwatunza wote, jambo gumu kwa mwanafunzi.

Baada ya shahada

Ujerumani hukupa miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yako, na aliyesoma huko anaweza kuomba makazi ya kudumu baada ya miaka miwili ya kazi ya namna hiyo, akitimiza masharti ya lugha na michango. Ni njia iliyonyooka, lakini imejengwa juu ya Kijerumani.

Uingereza ina viza ya wahitimu ya miaka miwili, mitatu kwa wenye uzamivu. Kwa maombi ya kuanzia 1 Januari 2027, ile miwili inakuwa miezi 18. Anayeanza shahada ya kwanza leo ahesabu miezi 18.

Kanada hutoa kibali cha kazi cha hadi miaka mitatu kwa kozi ya miaka miwili au zaidi, na pia kwa uzamili wa miezi minane au zaidi. Hutolewa mara moja tu maishani, kwa hiyo usikichome kwenye kozi fupi ya mwanzo. Sasa kuna mtihani wa lugha, na si kila chuo kinachoruhusiwa kupokea wageni kinampa mhitimu wake haki ya kibali hiki. Baadhi ya vyuo binafsi viliondolewa mwaka 2024. Mwaka mmoja wa kazi ya ujuzi nchini hukufungulia njia ya kuomba ukaazi, ingawa kuomba si kupata. Alama za kuingia hupanda na kushuka.

Marekani kuna OPT, ruhusa ya mhitimu kufanya kazi katika fani yake, ya miezi 12, na miezi 24 zaidi kwa shahada za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Baada ya hapo wengi hutegemea H-1B, viza ya kazi inayoombwa na mwajiri, ambayo ina nafasi 85,000 kwa mwaka na huchaguliwa kwa bahati nasibu, na Septemba 2025 yalitangazwa malipo ya dola 100,000 kwa baadhi ya maombi mapya. Juni 2025 pia zilitangazwa amri za kuzuia au kubana viza kwa raia wa nchi kadhaa, za wanafunzi zikiwemo. Kabla ya kulipia mtihani wa SAT, angalia pasipoti yako imesimama wapi.

Kuhusu orodha za vyuo bora

Orodha hizi hupima utafiti kuliko ufundishaji. Ile ya Shanghai, iliyoanza 2003, inahesabu hadi tuzo za Nobel za wahitimu na wahadhiri. Ujerumani hupoteza alama huko kwa sababu sehemu kubwa ya utafiti wake hufanyika katika taasisi za Max Planck zilizo nje ya vyuo vikuu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hafundishwi na tuzo. Mfundishaji wake ni mtu fulani, darasani, mwenye wanafunzi 30 au 600, na idadi hiyo ndiyo ya kuuliza.

Wakala naye umwelewe. Wengi wao hulipwa kamisheni na vyuo, ndiyo maana ushauri kwako ni bure. Anaweza kuwa mkweli kabisa na bado asikutajie chuo cha umma cha Ujerumani, kwa sababu hicho hakimlipi.

Kwa hali yako

Kama pesa ya mara moja ipo ya mwaka mmoja lakini ada ya miaka minne haipo, na uko tayari kukaa chini na Kijerumani kwa mwaka mzima, Ujerumani inakufaa. Kama hutaki au huna muda wa lugha, usijidanganye kwamba utajifunza ukishafika huku ukisoma uhandisi.

Kama unalijua somo lako tangu ukiwa na miaka kumi na minne, una alama nzuri, na familia inaweza kubeba ada kubwa kwa miaka michache, England itakufikisha haraka. Hasa kwa uzamili: anayeacha kazi kwenda kusoma hupoteza mwaka mmoja wa mshahara badala ya miwili. Angalia tu kama nchi au chuo utakachoendea baadaye kinakubali shahada ya miaka mitatu.

Kama hujui usomee nini na unapenda mambo mengi, au una kipaji kisichoonekana kwenye cheti, jaribu Marekani, ukichanganya vyuo vichache vyenye ufadhili kamili na vingine ambavyo hata bila ufadhili mkubwa unavimudu. Ukiomba vile vitano tu nilivyovitaja, weka mpango mwingine pembeni.

Kama lengo lako la kwanza ni kuhamia na kuanza maisha, na unaweza kulipa, Kanada na Ujerumani zina ngazi zinazoonekana kuliko nyingine mbili. Kanada ngazi hiyo inapandwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na masharti yamebadilika mara nyingi tangu 2024. Soma tovuti ya serikali mwezi uleule unaoomba, hata kama rafiki yako aliomba mwaka jana tu.

Kama una mke, mume au watoto ambao hutaki kutengana nao, soma kile kipande cha familia kabla ya vingine vyote. Kwa wengi kitafuta nchi moja au mbili papo hapo.

Na kama tayari una barua mbili za udahili mezani, usiamue usiku huu. Andikia ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya kila chuo uulize: ada yangu ya mwaka wa mwisho itakuwa kiasi gani, bweni nimehakikishiwa kwa miaka mingapi, na nikishindwa mtihani wa somo la lazima kinafuata nini? Waombe pia wakuunganishe na mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi hiyohiyo. Muulize huyo alilipa nini ambacho hakukitarajia.